Mshairi wa Pate si mgeni Mugumu

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Tarime na baadaye Serengeti, nikastaafu nikiwa mkuu wa shule ya sekondari. Nina deni, na sipendi kufa nalo. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliwanyima wanafunzi wangu mmoja wa washairi wakubwa wa lugha niliyokuwa nikiwafundisha, kwa sababu moja tu: alikuwa mshairi wa dini.

Namzungumzia Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja alitushauri tungo za namna hiyo tuwaachie wenyewe, kwani sisi tulikuwa tunakwenda kufundisha bara. Tukaandika madaftarini. Nami nikaubeba ushauri ule hadi huku kama mtu abebaye mzigo asioujua kilichomo.

Ushauri huo ungali hai. Hivi karibuni mwalimu kijana, hodari wa kazi yake, alikuja kunijulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba tukafika kwenye vitabu, naye akaniambia: "Mwalimu, hao ni washairi wa Kiarabu, wa pwani, na wa msikitini. Watoto wetu wa Kikurya na Kiikoma watawapeleka wapi?" Hoja zake ni tatu, nami nitazijibu moja moja.

Anasema ni wa Kiarabu. Ni kweli kwamba Sayyid Abdallah alitoka katika ukoo wa masharifu ambao asili yao ni Hadhramaut. Lakini aliishi Pate, katika visiwa vya Lamu, yapata karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, na Al-Inkishafi ni Kiswahili cha kwao, ijapokuwa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kama kuazima kunaufanya utungo kuwa wa mwenye kuazimisha, basi tumwambie nini Yehuda Halevi? Huyu alikuwa Myahudi wa Hispania, mganga na mwanachuoni, aliyefariki mwaka 1141. Alitunga mashairi ya ibada kwa Kiebrania, na vipimo vyake vingi alijifunza kwa washairi wa Kiarabu. Wayahudi hawakumtupa. Tungo zake ziliingia katika sala zao, na zimo hata leo. Anayeazima jembe akalima shamba lake, mavuno ni yake.

Anasema ni wa pwani. Hapa kijana wangu amesahau alichofundishwa. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki. Ndiye aliyeandika historia na desturi za Wagogo, na ndiye aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Alichukua chombo kilichochongwa na masheikh wa pwani akakijaza nyimbo za Daudi, wala hakuna aliyemshitaki kwa wizi. Ikiwa Mgogo aliweza kukifanya chombo hicho chake, Mkurya anazuiwa na nani?

Anasema ni wa msikitini. Hoja hii naiheshimu kuliko zile mbili, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Shule ya serikali si mahali pa kumwongoa mtoto wa mtu, na mwalimu anayegeuza kipindi kuwa mahubiri anastahili kukemewa. Lakini kufundisha utungo si kuuhubiri. Al-Inkishafi huanza kwa kumsifu Mungu na Mtume, kisha mtunzi anageuka na kuuhoji moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu: popo wananing'inia ndani, na vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kaure sasa vinalaza makinda ya ndege. Anauliza wenyewe wako wapi. Swali hilo lina dhehebu gani?

Nililisikia kwa masikio yangu mwaka 1996. Niliwapeleka wanafunzi kwenye magofu ya boma la Wajerumani pale Ikoma, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ili wajifunze historia. Walikuwa wakirukaruka juu ya mawe kama watoto wafanyavyo. Mmoja wao, mtoto wa mfugaji, alisimama mbele ya ukuta uliochomoza ndani ya vichaka akaniuliza: "Mwalimu, wenye nyumba hii wako wapi?" Nikamjibu kwamba Wajerumani walishindwa vita na koloni lao likachukuliwa na Waingereza. Akaitikia, lakini niliona usoni kwamba sikumjibu. Alikuwa ameuliza swali la Sayyid Abdallah neno kwa neno, naye hakuwahi kulisikia jina lake. Mimi niliyelijua nilinyamaza, maana nilikuwa nimeambiwa siku nyingi kwamba mtu huyo si wetu.

Mtoto yule alikuwa anajua, kuliko mimi, nini maana ya mali isiyodumu. Huku kwetu boma lenye ng'ombe mia laweza kuamka asubuhi moja halina hata ndama, kwa ugonjwa au kwa wizi. Angeuelewa utungo ule upesi kuliko mtoto wa mjini ambaye hajaona zizi tupu.

Kwa hiyo nakusihi, mwalimu kijana, na wenzako wote wa Mugumu, Tarime na Nyamongo. Andikeni jina la mtu huyu ubaoni. Waelezeni wanafunzi aliishi wapi, lini, na mji wake ulianguka vipi. Maneno ya Kiamu yaliyo magumu wafasirieni, kama tufanyavyo kwa Shakespeare, ambaye hakuna aliyeniambia kamwe nimwachie Mwingereza. Mwanafunzi Mwislamu akijua kuughani, mpeni nafasi aughani. Na mtoto wa mchungaji asikilize bila hofu, kwani Zaburi nazo zimemfundisha kwamba mwanadamu ni kama majani.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mtu mzima. Nikikutana naye, nitamwomba radhi, kisha nitamjibu.