"Mweusi, lakini mzuri"

Katika nyumba moja mjini Ifakara, shangazi alifika kutoka Mlimba, watoto wakatoka kumwamkia. Binti wa kidato cha nne alipotoa shikamoo, shangazi alimshika kidevu akasema, "Huyu mweusi, lakini mzuri." Watu wazima wakacheka. Wiki iliyofuata mama yake alikuta chini ya godoro kikopo cha krimu kisicho na lebo.

Shangazi hakutukana, alisifia. Sifa za namna hiyo ndizo anazozicheka Jordan Peele wa Marekani katika filamu yake ya mwaka 2017, Get Out. Kijana mweusi anapelekwa kwa wazazi wa mchumba wake Mzungu. Baba mwenye nyumba anajigamba kwamba angempigia Obama kura hata mara ya tatu. Wageni wanasifia umbo na nguvu za kijana. Kumbe wanataka mwili wake, wahamishie humo ubongo wa Mzungu! Jambo hilo haliwezekani, lakini aliyewahi kusifiwa kama mbuzi mnadani analielewa mara moja. Kijana huyo ameigizwa na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Uganda. Mwaka 2018 Peele alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada bora wa asili.

Utani wa shangazi haulingani na ubaguzi wa Marekani. Hata hivyo, ile "lakini" inamwambia binti kwamba rangi yake ni kasoro iliyosamehewa. Naye huenda dukani kutafuta dawa ya kasoro.

Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi usoni.

Mzazi, ukikuta kikopo kama hicho usianze na fimbo. Muulize mwanao nani alimwambia nini, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na kikopo chenyewe. Filamu hii ina damu nyingi, haiwafai watoto wadogo. Itazame kwanza mwenyewe, halafu ukiona inafaa, itazame na kijana wako mkubwa mkiongea.

Shangazi aliporudi na kuanza sifa zake, mama alimkatiza kwa upole: "Wifi, sema mzuri, uishie hapo."