Nguo za Mwindaji Barabarani

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaendelea kuukataza, uwe wa starehe au wa kitoweo. Kwa hiyo mkazi wa Kitale au Bungoma leo hana haja ya kujiuliza avae rangi gani ili paa asimwone. Hata hivyo, mavazi ya mwindaji hayakuondoka kwetu. Msomaji akisimama kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, pale Kiminini au Kamukuywa, saa moja kasorobo za jioni, ataona watu wengi waliovaa kana kwamba wanamnyatia mnyama. Watoto wa shule wamevaa sweta za kijani kilichokolea, za buluu nzito, za kahawia. Wazee wamevaa makoti meusi na buti za mpira, nyeusi vilevile. Mnyama wa kunyatiwa hayupo. Lililopo ni lori linaloelekea Malaba.

Wawindaji wa nchi ambako kazi hiyo ingali halali wanalifahamu jambo ambalo sisi tumelipuuza. Mwindaji porini hutazamwa na macho ya namna mbili. Kuna macho ya mnyama, ambayo anataka yasimwone, na kuna macho ya mwindaji mwenzake mwenye bunduki, ambayo ole wake yasipomwona. Basi hutafuta rangi itakayomficha kwa mmoja na kumfichua kwa mwingine, na rangi hiyo ipo. Jicho la binadamu lina seli za aina tatu za kupambanua rangi, ilhali la wanyama wa kwato lina aina mbili tu. Rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo kwetu sisi huchoma macho, kwa paa haina tofauti kubwa na majani yanayomzunguka. Ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani humlazimisha mwindaji wa paa kuvaa fulana na kofia ya rangi hiyo. Buluu, kinyume chake, mnyama huiona vizuri sana. Nchini Tanzania, ambako uwindaji kwa leseni unaruhusiwa, wageni huonywa wasivae buluu wala nyeusi kwa sababu nyingine tena: mbung'o hupenda rangi hizo. Wenzetu wa Busia, majirani wa Bungoma, wanaijua siri hiyo, kwani mitego ya kuwanasia mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi.

Wanyama nao wana elimu yao. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, iliyotengwa mwaka 1974, anaishi nzohe, paa wa majini. Akishtuka hujizamisha akabakiza pua tu juu ya maji, na manyoya yake hayatofautiki na mafunjo. Lakini nzohe hujificha kwa anayetaka kumla. Sijapata kusikia kiumbe anayejificha kwa yule ambaye usalama wake unategemea kuonwa naye, isipokuwa binadamu wa barabara zetu.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na msomaji ataniwia radhi nikichepuka kidogo kuingia shambani mwangu. Lugha ya Kiswahili ina vivumishi halisi vya rangi vitatu tu, navyo ni vile vinavyobeba viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezikopa kutoka kwa vitu. Kijivu kimetoka kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa kiungo cha mchuzi, na ile rangi ya kuokoa maisha kwa chungwa. Hata kaki, rangi ya askari na ya walinzi wa misitu, ni neno la Kiajemi lililopitia India, na asili yake ni vumbi. Aliyeichagua alitaka askari afanane na ardhi. Na ipo rangi moja ambayo jina lake hunistaajabisha kila nilisikiapo: damu ya mzee. Ndiyo ile nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na shule zisizohesabika zimeichagua kuwa rangi ya sweta zao.

Jina hilo limebeba sayansi ndani yake. Mchana damu ya mzee ni rangi ya heshima. Giza linapoanza kuingia, jicho la binadamu hubadili namna yake ya kufanya kazi, na rangi za ukoo wa nyekundu ndizo zinazotangulia kugeuka nyeusi. Mwanasayansi Purkinje wa Bohemia alilieleza jambo hili katika karne ya 19 kwa kuyatazama maua alfajiri. Mtoto mwenye sweta ya damu ya mzee, basi, humpotea dereva mapema kuliko anavyodhani mzazi wake, ambaye alimwona vizuri mno alipokuwa akimfunga vifungo karibu na taa.

Na hapa si suala la nadharia. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na dereva mwenye breki nzuri huhitaji zaidi ya mita 50 kulisimamisha. Mtu aliyevaa nguo za giza, akimulikwa na taa zilizoshushwa, huonekana akiwa umbali wa mita 30 hivi, pengine chini ya hapo. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Tangu 2021 hadi 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na watembeao kwa miguu walikuwa wengi kuliko kundi jingine lolote.

Wako watakaosema kuwa tayari tunazo sheria. Ni kweli. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji wa pikipiki na abiria wake wavae helmeti na koti la rifulekta. Lakini koti lenyewe halieleweki kwa wanaolivaa wala kwa wanaolikagua. Ile manjano au rangi ya chungwa yake ni ya mchana. Usiku haina kazi kubwa. Kinachofanya kazi usiku ni utepe wa fedha ulioshonwa juu yake, ambao huurudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani machoni pa dereva. Katika stendi za bodaboda za Kanduyi na Kimilili utaona makoti ambayo utepe wake umebanduka zamani, mengine yamefunikwa na jaketi jeusi kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na mengine ni zawadi za wakati wa kampeni, ambapo jina la mheshimiwa limeandikwa kwa herufi kubwa mahali pale pale utepe ulipopaswa kukaa.

Serikali haioni haya kuamua mavazi inapotaka. Raia akivaa nguo za mabaka za kijeshi atakamatwa, na watu wa Mlima Elgon, waliopitia miaka ya 2006 hadi 2008, hawahitaji kuelezwa kwa nini ni hatari kutojua nani ni nani. Mwishoni mwa miaka ya 2010 mabasi ya shule yalitakiwa kupakwa rangi ya manjano ili yaonekane kutoka mbali. Ni jambo jema, nami nililiunga mkono. Lakini mtoto anayepanda basi la manjano amekingwa na mabati. Mwenzake anayetoka Misikhu au Lugulu kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, huku mahindi yamefunga pande zote mbili na ukungu umelala barabarani, hakuna aliyemfikiria rangi.

Sisemi kosa ni la mtoto. Madereva wanaendesha kwa kasi, trekta za miwa hukokota matela yasiyo na taa hata moja nyuma, na sehemu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu. Hayo yote yarekebishwe, na wahusika wanalipwa mishahara kwa ajili hiyo. Ila njia ya miguu hujengwa kwa miaka, na jua linazama leo.

Wakuu wa shule nao watanijibu kwamba rangi za shule ni urithi, na kwamba wazazi wamechoshwa na gharama za sare. Sitaki rangi yoyote ibadilishwe. Damu ya mzee ibaki. Ninachotaka ni bodi za shule za Trans Nzoia na Bungoma ziandike katika kanuni za sare kwamba kila sweta na kila mkoba uwe na utepe wa rifulekta, na fundi wa sokoni Kitale anaweza kuushona kwa muda mfupi. Huko Ufini, ambako giza la majira ya baridi ni refu, sheria kwa miaka mingi ilimtaka mwenda kwa miguu avae kiakisi gizani, na watoto huvining'iniza kwenye makoti yao kama mapambo.

Mahali pa kuushona nako kuna maana yake. Utepe mmoja mgongoni dereva anaweza kuudhania kigingi cha barabara. Ukiwa kwenye mikono na juu ya kifundo cha mguu, huchezacheza mtu anapotembea, na dereva hutambua mara moja kuwa yule ni binadamu. Kwa hiyo ushonwe chini ya kiwiko, pande zote za mkono, na mwingine kwenye soksi, maana ule wa mgongoni utafunikwa na mkoba wa vitabu.