Ulinzi wa kikapu: Kwa nini kimo cha Thabeet hakikutosha

SWALI la nini hasa hufanya ulinzi wa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu uwe imara limewagawa wapenzi wa mchezo huo kwa miaka mingi, na Tanzania ina sababu ya pekee ya kulifuatilia. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi ya Kikapu ya Marekani (NBA), alisajiliwa mwaka 2009 kwa ajili ya ulinzi, na karibu ulinzi peke yake. Timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka huo, nyuma ya Blake Griffin. Aliyefuata baada yake alikuwa James Harden. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba.

Hesabu ya Memphis ilikuwa rahisi kueleweka. Kijana aliyezaliwa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, alikuwa amemaliza miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa ametajwa mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, kuwa mlinzi bora wa ligi yao ya vyuo, Big East. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alizuia zaidi ya mitupo minne kwa kila mchezo, na chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa. Nani angemwacha?

Miezi minane baada ya uteuzi huo, Februari 2010, Thabeet alipelekwa kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Februari 2011 Memphis ilimhamishia Houston Rockets, na baadaye alipita Portland na Oklahoma City kabla ya safari yake ya NBA kufikia mwisho mwaka 2014.

Wengi waliifunga habari hiyo kwa neno moja: alishindwa. Takwimu, hata hivyo, zinaleta utata ambao neno hilo halielezi. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo na kuzuia mtupo 1.3, yaani mtupo mmoja katika kila dakika kumi. Marc Gasol, Mhispania aliyekuwa akianza katika nafasi hiyo hiyo Memphis, alizuia 1.6 kwa takriban dakika 36. Kwa kipimo cha mitupo iliyozuiwa kwa dakika, Mtanzania alikuwa juu ya mwenzake zaidi ya mara mbili. Pamoja na hayo, aliyebaki uwanjani ni Gasol, na mwaka 2013 ndiye aliyetangazwa kuwa mlinzi bora wa NBA nzima.

Hapo ndipo mjadala unapoanza. Kama kuzuia mitupo ndiyo ulinzi, uamuzi huo hauna maana. Kama una maana, basi ulinzi ni kitu kingine.

Biashara iliyomwondoa Thabeet Memphis inatoa nusu ya jibu. Houston ilimpokea yeye, mchezaji mwingine na haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza. Memphis ilipata Ish Smith na, muhimu zaidi, Shane Battier, mkongwe aliyekwisha kuvuka miaka 32, asiyeruka sana, asiyefunga sana, na ambaye jina lake lilikuwa nadra kuonekana juu katika orodha yoyote ya takwimu. Miaka miwili kabla, mwandishi Michael Lewis alikuwa ameeleza katika jarida la New York Times jinsi wachambuzi wa Houston walivyogundua kuwa Battier alipokuwa uwanjani wapinzani walifanya vibaya zaidi, ingawa hakuna safu ya takwimu iliyoonyesha alichokifanya. Alipomkaba Kobe Bryant hakujaribu kuupiga mpira. Alimsukuma taratibu kuelekea sehemu za uwanja ambazo hesabu zilionyesha kuwa Bryant hapati sana, kisha akaweka kiganja mbele ya macho yake.

Timu moja, kwa hiyo, ilitoa mita 2.21 za urefu na kuchukua kichwa kinachojua pa kusimama. Miezi miwili baadaye, Aprili 2011, Memphis iliingia katika hatua ya mtoano ikiwa ya nane upande wa Magharibi, ikakutana na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza, na kuwatoa kwa michezo 4-2. Mchezo wa kwanza uliisha 101-98, na mtupo wa pointi tatu uliowaweka mbele katika nusu dakika ya mwisho ulikuwa wa Battier. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu hiyo katika mtoano tangu ianzishwe.

Nusu ya pili ya jibu imo katika kazi ya Gasol. Shambulizi la kawaida katika kikapu cha kisasa huanza na mchezaji mmoja kusimama kama kizingiti katika njia ya mlinzi anayemfuata mwenye mpira. Mlinzi anakwama kwa sekunde moja, mwenye mpira anapita, na sasa mlinzi mrefu wa kati anakabiliwa na watu wawili peke yake: mwenye mpira anayekuja, na aliyeweka kizingiti ambaye naye anakimbilia kikapu. Akitoka mbele mno, pasi inapita nyuma yake. Akibaki nyuma, mtupo unatupwa bila bughudha. Mlinzi mzuri hukaa katikati ya hatari hizo mbili kwa kitambo kifupi tu, hadi mwenzake arejee, huku akipaza sauti kuwaelekeza wengine watatu wasogee wapi. Gasol alisifiwa kwa hilo hasa: kufika mapema na kusema mapema. Mshambuliaji alipoinua macho alikuta njia imeshafungwa, akarudisha mpira nyuma. Mtupo ambao haukutupwa hauandikwi na mtunza takwimu yeyote.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Memphis ya mwaka 2013 ilikuwa na Tony Allen, mwenye mita 1.93 tu, akiwabana wafungaji hodari wa wapinzani tangu wanapopokea mpira, ili yule anayefika mbele ya Gasol awe amekwisha kuchoka na kupoteza sekunde kadhaa kati ya 24 za shambulizi. Msimu huo wa 2012/13 timu iliruhusu pointi 89.3 kwa mchezo, chache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi hiyo, ikashinda michezo 56 na kufika fainali ya Magharibi.

Ni vyema kuwa mwangalifu na tarakimu hiyo. Memphis ilicheza polepole, na timu inayocheza polepole huruhusu pointi chache kwa sababu mashambulizi yenyewe ni machache. Kwa pointi zinazoruhusiwa katika kila mashambulizi mia moja, kipimo ambacho wachambuzi wengi hukiona cha haki zaidi, Indiana Pacers ndiyo iliyoongoza msimu huo. Hata heshima ya Gasol ilikuwa na kasoro ya kuchekesha. Waandishi wa habari walimpa tuzo ya mlinzi bora wa ligi, lakini makocha, waliokuwa wakipiga kura tofauti, walimweka katika kikosi cha pili cha walinzi bora na kumpa Tyson Chandler nafasi ya kwanza. Wanaolipwa kuutazama mchezo huu hawakukubaliana ni nani anayelinda vizuri.

Upande wa pili una hoja nzito. Afrika ilimtoa Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024, na ambaye kwa mita zake 2.18 alitwaa tuzo hiyo mara nne na kuzuia mitupo 3,289, akiwa nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake katika historia ya NBA. Mfaransa Rudy Gobert, mwenye mita 2.16, naye ameipata mara nne. Oklahoma City Thunder waliotwaa ubingwa mwaka 2025 kwa ulinzi bora wa ligi walisifika kwa mikono mingi inayonyang'anya mipira, lakini nyuma ya mikono hiyo alisimama Chet Holmgren, mrefu kupita mita 2.10. Anayesema kimo hakina kazi anadanganya.

Lakini Gobert huyo huyo ndiye ushahidi wa mipaka ya kimo. Mwaka 2021, mwaka aliotwaa tuzo yake ya tatu, timu yake ya Utah Jazz ilitolewa na Los Angeles Clippers waliomkosa nyota wao Kawhi Leonard. Clippers waliwatawanya wachezaji wote watano kwenye mstari wa pointi tatu, na Gobert akajikuta na uchaguzi mbaya: akae chini ya kikapu amwache mtu wake huru, au atoke nje na kuacha kikapu wazi. Mtu huyo katika mchezo wa sita mara nyingi alikuwa Terance Mann, ambaye hakuwa nyota. Alifunga pointi 39. Walinzi wa mbele wa Utah walikuwa wakipitwa kirahisi, na hakuna mtu mrefu awezaye kuwa mahali pawili. Mnamo 2009/10, Thabeet alipoanza, timu ya NBA ilitupa takriban mitupo 18 ya pointi tatu kwa mchezo. Msimu wa 2024/25 idadi hiyo ilipita 37.

Kuna sababu moja zaidi ambayo hutajwa kwa nadra nchini Thabeet anapozungumzwa, nayo ni ya kisheria. Tangu mwaka 2001 NBA inaruhusu ulinzi wa kanda, lakini inamkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. Adhabu yake ni mtupo huru mmoja na mpira kurudi kwa washambuliaji. Kanuni hiyo haipo katika vyuo vya Marekani. Huko Connecticut, Thabeet aliweza kujenga nyumba yake chini ya kikapu na kuwasubiri wanaokuja. Alipofika Memphis aliamriwa kutoka, kuingia na kutoka tena, kazi ya miguu na ya kusoma mchezo, naye alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Wenzake walikuwa wamejifunza hatua hizo tangu utotoni.

Sheria za Shirikisho la Kimataifa (FIBA), zinazotumika Tanzania, nazo hazina kanuni hiyo ya sekunde tatu kwa mlinzi. Katika ligi ya Dar es Salaam mtu mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu mchezo mzima na timu yake ikanufaika. Kocha anayetaka kombe la mkoa hana haja ya kumfundisha zaidi ya hapo, na huwezi kumlaumu sana. Anayelipa gharama ni kijana mwenyewe siku atakapovuka mipaka.

Anayelipa pia ni yule ambaye hakutazamwa kabisa. Utafutaji wa vipaji unaoanza na kamba ya kupimia kimo hauwezi kuwa na sababu ya kufika Lionja, katika ukanda wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, isipokuwa kwa bahati ya kusikia kuna mtoto mrefu kupita kiasi. Ukanda huo unajulikana kwa soka. Namungo FC ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyopotea kwa Simba mabao 2-1. Mpenzi wa soka wa huko hahitaji kuelezwa kuwa mstari wa mabeki wanne unaosogea pamoja ni bora kuliko beki mmoja mwenye nguvu anayebaki nyuma na kuharibu mtego wa kuotea. Hiyo ni hoja ya Gasol na Allen kwa lugha ya nyasi.

Netiboli inasogea karibu zaidi. Mchezo huo wa wasichana, unaochezwa shuleni kote nchini kwenye uwanja wa udongo, unamtaka mlinzi kukaa sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira kabla ya kuinua mikono. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao. Mlinzi, kwa hiyo, hana njia ya kumnyang'anya kwa nguvu wala kumgusa. Kazi yake yote ni kusoma pasi itakwenda kwa nani, kufika pale kabla ya mpokeaji, na kumwita mwenzake azibe nafasi aliyoiacha. Battier alilipwa mamilioni ya dola kwa kazi inayofanana na hiyo.

Mazoezi ya aina hiyo hayahitaji sakafu ya mbao, na kwa kiasi kikubwa hayahitaji hata kikapu. Kuteleza kwa miguu upande kwa upande, kukaa na goti limekunjwa, kuzungumza bila kukoma, kuondoka kwa mtu wako kwa hatua mbili na kurudi kwa wakati: yote yanafundishika kwenye uwanja wa shule wa Lionja kwa filimbi moja na watoto kumi. Urefu ndio usiofundishika, na ndiyo sababu vilabu vya kulipwa huuwinda. Lakini Memphis iliupata ukiwa kamili mwaka 2009, na haikupita miaka miwili kabla ya kuubadilisha na mtu aliyejua pa kusimama.