Polepole ni Mwendo, Kukaa si Mwendo

Naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo huenda wengi mtaliona dogo. Nataka kusema juu ya zile kazi za nyumbani tunazoahirisha leo na kesho mpaka tunazizoea kama tunavyozoea mlio wa mabati. Mimi naona kazi hizo hazitushindi kwa ukubwa wala kwa fedha. Zinatushinda kwa sababu kila mtu anamngojea mwenzake. Siyasemi haya kwa kusikia. Yametupata sisi.

Tulihamia nyumba yetu Januari 2024, viungani mwa mji wa Machakos. Kabla ya hapo tulikuwa wapangaji wa chumba kimoja, kwa hivyo mnaweza kuiwaza furaha yetu. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, na hakuna kodi mwisho wa mwezi! Ilikuwa haijakamilika, lakini Baba alisema, "Tuingie tu, mengine tutayamalizia tukiwa ndani." Basi hayo mengine yakawa wimbo wetu. Mlango wa choo haukuwa na komeo. Kidaraja cha mlango wa nyuma kilikuwa kimebomoka upande mmoja. Vikombe vya Mama alivyopewa siku ya harusi vilikaa ndani ya katoni, vimefungwa kwa magazeti, kwa sababu hapakuwa na rafu. Nayo mifereji ya paa, yaani gata, ilikuwa imenunuliwa zamani pamoja na tangi la lita 1,000. Ililala nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya kitanda.

Baba ni dereva, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kila akija alisema ataita fundi mwezi ujao. Mama alisema hiyo ni kazi ya Baba. Ndugu yangu alisema yeye ni mdogo. Mimi nami nilikuwa na jibu langu tamu: "Nina mtihani." Nani angethubutu kumsumbua mwanafunzi mwenye mtihani?

Mvua ya masika ya 2024 ikaja, ile iliyoleta mafuriko nchini hata ufunguzi wa muhula wa pili ukaahirishwa mpaka katikati ya Mei. Tulisimama dirishani tukitazama maji yakimwagika kutoka kwenye mabati na kuchimba mtaro kando ya ukuta. Mvua ilipokwisha na jua kuwaka, tukarudi kwa mwenye mkokoteni, shilingi 20 kwa mtungi wa lita 20.

Hebu tupige hesabu kidogo. Katika somo la Jiografia tunajifunza kupima mvua kwa milimita. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Upande mmoja wa paa letu una urefu wa mita 8 na upana wa mita 3, yaani mita 24 mraba. Mvua ya milimita 10 tu, ambayo si ajabu kunyesha kwa usiku mmoja, huteremsha hapo lita 240. Hiyo ni mitungi 12. Hata tukitoa yanayorukia nje, bado ni maji ya siku kadhaa, nasi tuliyaacha yaende zake, misimu mitatu!

Nyanya alikuja kututembelea, akakataa kulala. Alisema ati choo chetu kinamlazimu mtu aimbe muda wote kama mwanakwaya ili mwingine asifungue mlango. Tukacheka sana. Lakini alipokuwa akiaga alimwambia Mama neno ambalo sijalisahau: "Kule mmetoka, lakini hapa bado hamjafika."

Julai 2025 Mama alikuwa akiingia na mtungi kwa mlango wa nyuma. Kile kidaraja kikamponyoka mguuni, akaanguka, kifundo cha mkono kikateguka. Wiki mbili hakwenda sokoni kuuza mboga, na ninyi mnajua wiki mbili bila soko ni nini. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, soma, usijali." Daftari lilikuwa mbele yangu, lakini hata neno moja halikuingia. Nilijua mtihani wangu ulikuwa kisingizio, maana jioni ile ile nilikuwa nimepiga gumzo saa nzima pale langoni.

Likizo ya Agosti ilipofika niliandika kazi zote nyuma ya daftari la hisabati. Zilikuwa tisa. Nikaanza na komeo. Wenzangu, komeo lilichukua robo saa! Mwaka mzima na nusu wa kuimba chooni, kumbe ni misumari minne na robo saa.

Kidaraja tulikijenga kwa mawe yaliyobaki na nusu mfuko wa saruji. Kwa mifereji nilimwendea mzee jirani yetu, fundi wa zamani, nikamwomba ngazi. Alinipa ngazi pamoja na masharti: nifunge uzi kwanza, na mfereji uteremke sentimita moja kwa kila mita kuelekea tangini, la sivyo maji yatatuama na kuzaa mbu. Akanikumbusha pia kufunika tangi kwa wavu, na maji ya mwanzo baada ya kiangazi yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Nilipokuwa juu, wapita njia walisimama. "Msichana juu ya paa?" Ndugu yangu aliyekuwa ameshika ngazi akawajibu, "Mvulana ni huyu, anaogopa." Kwa siku nne kazi nane zilikwisha. Iliyobaki ni plasta ya ukuta wa nyuma, na hiyo kweli inataka pesa.

Sasa najua wapo watakaonipinga. Watasema haraka haraka haina baraka. Sawa, lakini sisi hatukuwa na haraka hata kidogo, na baraka pia hatukuiona. Wengine watasema polepole ndio mwendo. Nakubali, polepole ni mwendo, lakini kukaa si mwendo. Tena wapo watakaosema kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Ni kweli, nami sitaki mtu aache vitabu akashinde juu ya paa. Ila kazi isiyokwisha humfuata mtu hadi mezani pake. Ukipita karibu nayo kila siku inakudai kama deni la dukani, na siku unayoilipa unasikia mabega yamekuwa mepesi. Raha hiyo hainunuliwi, na wala fundi hawezi kuisikia kwa niaba yako.

Rafu ilipokauka rangi, Mama alifungua ile katoni. Magazeti yalikuwa ya Desemba 2023. Alivikung'uta vikombe kimoja kimoja, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena, kisha akatengeneza chai ingawa hakukuwa na mgeni. Tukanywa sisi wenyewe kwa vikombe vya wageni.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku. Nilimsikia Mama akiamka, akatoka na kanga kichwani, akawa analigonga tangi kwa kidole kutoka chini kwenda juu, asikie maji yamefika wapi. Mwisho wa mwezi Baba alikuja. Alifungua koki, akanawa mikono taratibu, akatazama juu kwenye mfereji, akatazama tena koki. Kisha akaniambia, "Ahsante, mama." Hakusema lingine. Naye Nyanya amekuja na amelala siku tatu.

Kwa hivyo, wenzangu, leo ukifika nyumbani tazama huku na huku. Ipo bawaba iliyolegea, upo msumari unaochana sare, ipo katoni ambayo haijafunguliwa tangu mhame. Usimngoje baba, usimngoje fundi, wala usiseme una mtihani. Chagua moja iliyo ndogo kuliko zote uimalize kabla jua halijatua. Kesho yake ya pili utaitafuta mwenyewe.

Mwanachama, Kidato cha Tatu