Msamaha ni wa Mwenye Deni

Kuna kitabu ambacho jina lake pekee linatosha kumtia shaka mkazi wa Kagera kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Ni I Love Idi Amin, alichokitoa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, mwaka 1977. Nimekisoma zaidi ya mara moja hapa Kasulo, wilayani Ngara, na kila nikifungapo nabaki na mawazo mawili yasiyopatana. Nayaweka mbele yenu, wapenzi wa lugha, kwa kuwa yanagusa maneno tunayoyatumia kila siku katika tungo zetu.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walitoroka, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, alitambua kwamba chuki ilikuwa imeota mizizi moyoni mwake, naye akaiungama.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Angeweza kuorodhesha maovu ya Amin tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alilelewa katika uamsho wa walokole, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda na Tanganyika, ambamo ushuhuda huanza na dhambi ya msemaji mwenyewe. Mahakamani shahidi hueleza alichokiona kwa mwingine. Kwa walokole shahidi hujishtaki. Washairi wetu ni wepisi wa kuwausia wengine. Ni wangapi wamewahi kutunga beti za kujishtaki?

Wazo langu la pili linaanzia kwenye jina la kitabu. Kiswahili kina nomino nyingi, upendo, mapenzi, huba, mahaba, lakini kitenzi kinachotumika zaidi ni kimoja: kupenda. Kwa kitenzi hichohicho mtu humpenda mchumba, hupenda ugali, na huambiwa ampende adui. Tena tukisema "nampenda", kiambishi -a- chaeleza hali iliyokwisha kutulia, isiyo na mwanzo wala mwisho. Ndani ya kitabu mna mtu anayeshindana na nafsi yake, ambaye kauli yake ya haki ingekuwa "ninajifunza kumpenda". Jina limefika kabla ya msafiri.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliuvamia Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa Kagera wakati huo, yakakalia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera. Watu waliuawa, mifugo ikaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Ngara haikukaliwa, lakini mto ni uleule upitao kwetu Rusumo. Kivengere aliandika kabla ya hayo, nami simdai utabiri. Ila msomaji wa Kagera hawezi kuyasahau anaposoma.

Tulitazame basi neno msamaha. Tunasema msamaha wa kodi, na kila mtu aelewa kwamba hutolewa na anayedai; jirani hana mamlaka ya kumsamehe mtu kodi ya serikali. Kivengere alikuwa na deni lake: rafiki aliyeuawa, nchi aliyoikimbia. Hilo alikuwa na haki ya kulisamehe, nami naliheshimu. Mjane wa Kyaka ana deni lake mwenyewe. Kitabu hakimlazimishi alifute. Wanaomlazimisha ni wahubiri na watunzi wanaoushika mfano wa askofu na kuugeuza kuwa amri.

Hapa Kasulo jambo hili lina uzito wa pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na wengi wakapiga kambi Benaco, katani kwetu. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kufa na waliokimbia baada ya kuua, huku mto ukizibeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Ni nani kati yetu awezaye kusema kwa niaba ya wale waliokuwa majini kwamba yaliyopita si ndwele?

Kwa hiyo nashauri kitabu kisomwe, na ukweli wake uigwe. Lakini tutungapo mashairi ya amani, tuchunguze viambishi vyetu. "Nasamehe" ni kauli ya mwenye deni. "Tusamehe" yahitaji idhini ya wote tuliowaingiza ndani ya "tu" hiyo. Na "tusameheane", tunayoipenda mno kwa urari wake, yadai kwamba kila upande una deni kwa mwenzake. Aliyeuawa hakuwa na deni lolote kwa aliyemuua. Mshairi asiye na uhakika na atumie nafsi ya kwanza umoja, kama alivyofanya Kivengere, kisha amwachie mjane wa Kyaka aseme lake siku atakayotaka, au asiseme.