Ukiritimba wa Soko Nao Ukome

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na utawala wa chama kimoja ukakoma kisheria. Ukiritimba wa soko bado tunao. Huanza kwa bei tamu: tajiri huuza kwa hasara hadi maduka madogo yafunge, kisha hupandisha bei apendavyo. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Kifungu cha 24 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 hukataza hila kama hiyo kwa anayelitawala soko. Aidha, urahisi wa dukani huweza kulipiwa na aliyeleta bidhaa. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya shilingi bilioni 1.1, kwa kuwabana waliokuwa wakiipelekea asali na mafuta ya kupikia.

Hatusemi kila bei nafuu ni mtego. Ushindani wa haki humfaa mnunuzi. Twadai uchunguzi wa wazi na wa haraka: je, bei iko chini ya gharama? Je, nia ni kuwafukuza wengine?

Wachuuzi wetu wa Mundika, Busia na Malaba na watunze risiti na tarehe. Makanisa yawasaidie kuandika malalamiko. Haki ikichelewa, duka lililofungwa halifufuki.