Kutoka maziwa ya kaskazini hadi barafu ya kusini: funzo kwa utalii wa Ziwa Kivu

KIGALI – Msikilizaji wa Kigali anaposikia jina la Maziwa Makuu, fikra zake huelekea Kivu, Tanganyika na Viktoria. Yapo maziwa mengine yenye jina hilohilo, mpakani mwa Marekani na Kanada, ambako tangu mwaka 2022 kampuni ya Viking imekuwa ikipeleka meli za kitalii zilizoimarishwa ili kuhimili barafu. Kiangazi cha kaskazini kinapomalizika, kampuni hiyo huuza safari ndefu inayoanzia katika maziwa hayo na kufika Antaktika, bara la barafu lililo kwenye ncha ya kusini ya dunia. Safari hiyo huchukua zaidi ya miezi miwili, na nauli ya abiria mmoja huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Kwa Rwanda, habari hii si ya kushangaza tu. Nchi hii nayo imejenga utalii wake juu ya kuuza kitu adimu kwa wageni wachache wenye uwezo, na sasa biashara hiyo inashuka kutoka milimani hadi ziwani. Swali linalowahusu wakaazi wa Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi ni hili: utalii wa anasa ukienea katika Ziwa Kivu, nani atakayeuwekea mipaka, na nani atakayepata fungu lake?

Biashara ya majira

Meli mbili za kampuni hiyo, Octantis na Polaris, hubeba abiria 378 kila moja. Upana wake hauzidi mita 24, kwa kuwa ni lazima zipite katika njia ya maji ya Saint Lawrence, iliyofunguliwa mwaka 1959 ili kuyaunganisha maziwa hayo na Bahari ya Atlantiki. Katika njia hiyo meli huingizwa ndani ya vyumba vya maji vyenye milango mikubwa, hupandishwa au kushushwa hatua kwa hatua, mithili ya mtu anayetumia ngazi.

Hesabu ya biashara hiyo imejengwa juu ya majira. Wakati wa baridi sehemu za maziwa ya kaskazini huganda na njia ya Saint Lawrence hufungwa. Wakati huohuo Antaktika huwa katika kiangazi chake, na watalii huweza kuifikia. Kwa hiyo meli ingelazimika kusafiri kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine hata kama haina abiria. Kampuni imeigeuza safari hiyo ya lazima kuwa bidhaa: abiria hupitia pwani ya mashariki ya Marekani, Mfereji wa Panama na pwani ya Chile, hadi bandari ya Ushuaia nchini Argentina, ambako meli huvuka Mlango wa Drake kuelekea kwenye barafu.

Safari hiyo haikosi hatari. Mwishoni mwa Novemba 2022, wimbi kubwa liliipiga meli ya Polaris ilipokuwa ikielekea Ushuaia, vioo vikavunjika na abiria mmoja, raia wa Marekani, akapoteza maisha.

Bara lisilo na wenyeji

Antaktika haina raia wala serikali. Inaongozwa na mkataba uliosainiwa mwaka 1959 na nchi 12, na miongoni mwao Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini pekee. Mkataba huo unapiga marufuku shughuli za kijeshi na umesimamisha madai ya nchi zinazotaka kumiliki sehemu za bara hilo.

Utalii wa huko unaratibiwa kwa kiasi kikubwa na makampuni yenyewe, kupitia chama chao kilichoundwa mwaka 1991. Kwa utaratibu wake, meli yenye abiria zaidi ya 500 haimshushi mtu yeyote nchi kavu, na katika eneo moja watalii wasiozidi 100 ndio wanaoweza kuwa ufukoni kwa wakati mmoja. Masharti hayo yamezuia msongamano wa mahali pamoja, lakini hayaweki kikomo cha jumla ya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watalii waliofika huko kwa mwaka walikuwa chini ya 10,000. Katika msimu wa 2023–2024 walizidi 120,000.

Kigali nayo ina mkono wake katika hatima ya barafu hiyo. Tarehe 15 Oktoba 2016, wajumbe wa karibu nchi 200 walikubaliana hapa kuhusu Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yanayozitaka nchi kupunguza kwa zaidi ya asilimia 80, katika kipindi cha takriban miaka 30, gesi za kupozea zinazotumika katika majokofu na viyoyozi. Ikitekelezwa kikamilifu, hatua hiyo inakadiriwa kuiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu ya nyuzi moja ya selsiasi kufikia mwishoni mwa karne hii. Mji usio na bahari ulitoa nafasi ya kulinda barafu ambayo wengi wa wakaazi wake hawataiona kamwe.

Kilichofanyika milimani

Katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, Rwanda ilichagua njia tofauti na ile ya Antaktika. Kila familia ya sokwe wa milimani hutembelewa na wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja. Mwezi Mei 2017 bei ya kibali kwa wageni ilipandishwa kutoka dola 750 hadi dola 1,500. Mwaka huohuo, fungu la mapato ya hifadhi za taifa linalokwenda kwa jamii zinazozizunguka liliongezwa kutoka asilimia 5, iliyokuwapo tangu mwaka 2005, hadi asilimia 10.

Mambo hayo matatu, yaani kikomo cha wageni, bei ya juu na fungu la jirani, yanategemeana. Kikomo hufanya bei ya juu ikubalike, bei ya juu hulipa fungu la jirani, na fungu hilo humpa mkulima wa mpakani mwa hifadhi sababu ya kutoweka mtego msituni. Idadi ya sokwe wa milimani katika Rwanda, Uganda na Kongo sasa imepita 1,000, na mwaka 2018 nususpishi hiyo iliondolewa katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka.

Ziwa lenye wenyewe

Ziwa Kivu haliwezi kupokea meli kutoka baharini. Liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mto Ruzizi unaolitoa maji kuelekea Tanganyika una maporomoko. Utalii wake, kwa hiyo, unategemea vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya ziwa hilohilo. Mwaka 2023 ilianza kazi Mantis Kivu Queen uBuranga, hoteli ya kifahari inayoelea yenye vyumba kumi.

Chombo kimoja cha vyumba kumi hakiwezi kulielemea ziwa. Wanaoutetea utalii huo wana hoja nzito: unaleta ajira, kodi na soko la mazao, na masharti makali ya mapema yanaweza kuwakimbiza wawekezaji. Lakini Kivu si Antaktika. Kingo zake zina watu wengi, na kila sehemu ya maji hayo ina anayeitegemea. Wavuvi hutafuta isambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na karibu kila mwaka husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane. Chini kabisa kuna gesi ya methani, ambayo tangu mwaka 2016 inazalisha umeme katika mtambo wa KivuWatt wilayani Karongi.

Upande wa pili wa ziwa, watu husafiri kwa sababu hawana njia nyingine. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi iliyojaa kupita kiasi ikitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Wengi walipanda boti kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na mapigano. Ziwa linalouzwa kama mahali pa utulivu ndilo hilohilo.

Hapa ndipo pengo linapoonekana. Asilimia 10 inayogawiwa jamii inatokana na mapato ya hifadhi za taifa, na Ziwa Kivu si hifadhi ya taifa. Mkaazi wa Kinigi anaweza kuonyesha darasa au bomba la maji lililojengwa kwa fedha za sokwe. Mvuvi wa Karongi, ambaye tayari anaishi chini ya kikomo, hana fungu la namna hiyo kutoka kwa mgeni anayepita mbele ya nyavu zake. Atakachopata kitategemea kama yeye au mwanawe ataajiriwa, au kama hoteli itanunua samaki wake.

Antaktika inaonyesha kwamba masharti yaliyoachiwa makampuni peke yake hupunguza msongamano bila kuzuia ongezeko. Milima ya Volkano inaonyesha kwamba kikomo na fungu vikiwekwa pamoja, mgeni, mnyama na jirani wote huweza kunufaika. Katika Kivu, vyombo vya kifahari bado ni vichache, na kwa sababu hiyo ni rahisi kukubaliana sasa kuhusu idadi yake, mahali pa kumwaga majitaka, njia zisizokatiza maeneo ya uvuvi na fungu la wilaya za mwambao. Vyombo vikishakuwa vingi, kila sharti jipya litakuwa na mwenye mtaji wa kulipinga.